Namna ya Kubadilisha Mwenyewe Fremu Mbovu ya Kiti cha Dereva katika Gari la Spoti

Kiti cha dereva katika gari la spoti huchakaa kwa namna yake. Kwa kuwa gari lenyewe liko chini, dereva anapoingia hupita juu ya ukingo ulioinuka wa kiti, huuelemea kwa paja na kiuno, kisha hujiachia hadi chini. Anapotoka, hujisukuma kwa ukingo huohuo. Mzigo huo wote huangukia upande mmoja wa fremu, yaani kiunzi cha chuma kilicho ndani ya kiti, upande ule ulio karibu na mlango, na ndiyo maana baada ya miaka kadhaa kiti huanza kulala upande huo, kutoa mlio unapokata kona, au kucheza mbele na nyuma kila unapoondoka na kila unapofunga breki.

Kazi ya kubadilisha fremu hiyo inawezekana kufanywa nyumbani na mtu mwenye zana za kawaida, subira na mwongozo wa ufundi wa gari lake. Hata hivyo haifai kuichukulia kama kazi ya kutengeneza samani. Fremu ndiyo inayomshikilia dereva gari linapogonga, na katika magari mengi kifungio cha mkanda wa usalama kimefungwa kwenye fremu hiyohiyo. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya magari, na kiwango namba 207 cha Marekani, zote hudai kiti na vifungio vyake vihimili nguvu inayofikia mara 20 ya uzito wa kiti chenyewe. Kwa sababu hiyo sishauri hata kidogo kuchomelea fremu iliyopasuka. Chuma chake ni chembamba lakini kimetengenezwa kiwe na nguvu kubwa, na joto la kuchomelea hukidhoofisha pembeni mwa mshono; kwa macho kazi itaonekana safi, lakini ufa mpya utatokea milimita chache kutoka ulipokuwa ule wa kwanza, na hautakupa taarifa.

Kuhakikisha kwamba tatizo ni fremu

Watu wengi hununua fremu ilhali walichohitaji ni kukaza bolti. Anza kwa kukaza zile nne zinazofunga reli, vyuma ambavyo kiti huteleza juu yake mbele na nyuma, kwenye sakafu, kwa nguvu iliyoandikwa katika mwongozo, kisha shika sehemu ya juu ya egemeo na ulitikise mbele na nyuma huku mtu mwingine akiwa amepiga magoti mlangoni na tochi, akiangalia chini. Kazi yake ni kukuambia mchezo unaanzia wapi. Ukianzia kati ya reli ya juu na ya chini, reli zimelika. Ukianzia kwenye viungo vya kuinulia kiti, huenda ni bushi tu, vile vipete vidogo vya ndani ya kiungo, zilizokwisha, na katika baadhi ya magari bushi hizo hubadilishwa bila kugusa fremu. Ukianzia pale egemeo linapokutana na sehemu ya kukalia, chunguza mtambo wa kulaza kiti na vyuma vinavyoushikilia.

Ufa wenyewe hauonekani kirahisi. Sogeza kiti mbele kabisa, ingiza tochi kwa nyuma, uangalie kando ya kila mshono wa kuchomelea na kuzunguka kila tundu la bolti. Utafute mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, kwa sababu chuma kilichopasuka hutoa kutu hata pale rangi nyeusi inayokizunguka bado iko nzima. Futa mahali hapo kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha ukucha kwa kuukingama mstari: mchirizo wa rangi hausikiki, lakini ufa huukamata ukucha. Mara nyingine rangi itakuwa imebanduka kwa vipande vidogo kama magamba, dalili kwamba chuma kilicho chini yake kimekuwa kikijikunja na kujinyoosha kwa muda mrefu.

Kuchagua fremu ya kuweka

Agiza kwa kutumia namba ya chasisi na wala si kwa jina la gari peke yake. Modeli moja huweza kuwa na viti vya mkono na vya umeme, vyenye vipasha joto na visivyo navyo, vyenye mfuko wa hewa wa ubavuni na visivyo nao, na kila kimoja kikawa na fremu yenye matundu tofauti. Upande wa usukani pia una maana, kwa kuwa mikono ya kurekebishia kiti na mahali pa kufungia mkanda hugeuzwa. Uliza pia kama fremu inauzwa pamoja na reli au bila reli, kwa sababu huenda reli zako ndizo zilizokwisha.

Ukinunua iliyotumika, jambo la kwanza ni kujua kama gari ilikotoka liliwahi kugongwa. Kifungio cha mkanda kitakupa jibu la haraka. Kikazaji cha mkanda chenye baruti, ambacho huuvuta mkanda gari linapogonga, kikishawaka, kifungio huvutwa chini na shina lake hufupika, na mara nyingi ala ya plastiki inayolifunika hujikunja kwa makunyanzi. Fremu iliyoona ajali ya namna hiyo iache, hata kama imenyooka na bei yake inavutia. Isiyo na dalili hizo ipime kwa futi ya chuma, kutoka tundu la mbele la kulia hadi la nyuma la kushoto, kisha kwa upande wa pili. Vipimo hivyo viwili vikipishana katika fremu iliyojengwa mraba, jua imepinda.

Kabla ya kuchomoa betri

Hapa mpangilio wa hatua una umuhimu mkubwa. Kiti cha umeme hakisogei bila betri, kwa hiyo bolti zifunguliwe wakati umeme bado upo. Rudisha kiti nyuma kabisa, toa vifuniko vya plastiki, ufungue bolti mbili za mbele. Kisha kisogeze mbele kabisa ufungue zile mbili za nyuma. Nyingi hukazwa kwa nguvu na zimewekwa gundi ya kuzuia bolti isilegee, hivyo tumia soketi inayokaa sawasawa na mpini mrefu, na uvute taratibu. Kichwa cha bolti kikishaharibika, kazi ya saa chache hugeuka kuwa ya siku nzima. Bolti zote zikishatoka, rudisha kiti katikati ya reli ili kisizidi urefu wa mlango, na simamisha egemeo. Tangu hapo mtu yeyote asikae juu yake.

Gari la spoti lina mambo mawili zaidi ambayo miongozo mingi ya jumla haiyataji. Kama vioo vya milango havina fremu, hushuka kidogo kila mlango unapofunguliwa ili viachane na mpira wa paa. Betri ikichomolewa havishuki, na mlango ukifungwa kwa nguvu kioo huweza kuvunjika. Teremsha kioo kabisa mapema. Vilevile, magari mengi ya aina hii yana betri kwenye buti au chini ya boneti ya mbele inayofunguliwa kwa umeme, basi usifunge kifuniko hicho baada ya kuchomoa betri, na usiache ufunguo humo. Kama gari lina paa la kukunja, lifungue kabla hujakata umeme, kwani kukitoa kiti kwa kukinyanyua juu ni rahisi mno kuliko kukipitisha mlangoni.

Zima gari, toa ufunguo, chomoa teminali ya hasi na uifunge kitambaa isije ikagusa betri. Baada ya hapo subiri. Kompyuta ya mifuko ya hewa huhifadhi umeme wa kutosha kulipua mfuko hata betri ikiwa imekatwa, na kila mwongozo hutaja muda wake wa kusubiri. Usipunguze muda huo, na mimi binafsi naona nusu saa haimpunguzii mtu kitu.

Kutoa kiti

Gusa chuma kitupu cha bodi ili kumaliza umeme tuli mwilini, kisha kiegemeze kiti nyuma ili ufikie plagi zilizo chini yake. Plagi za njano ni za mfuko wa hewa na kikazaji cha mkanda. Zina kifungo cha pili ambacho hutolewa kwanza kwa bisibisi ndogo. Zikikataa, si kwa sababu zinahitaji kuvutwa zaidi, ni kwamba kifungo hicho hakijatoka. Kamwe usizipime kwa mita ya umeme, kwa kuwa mkondo mdogo wa mita unatosha kulipua. Piga picha ya kila plagi na njia ya kila waya kabla ya kuzichomoa.

Tandika blanketi zito kwenye kizingiti cha mlango na kwenye ubao wa ndani, kwa sababu ncha za reli ni kali na zimejaa grisi. Kiti cha umeme huweza kuzidi kilo 25, na uzito wake uko chini upande mmoja, kwa hiyo kibebwe na watu wawili.

Kuhamisha vitu kwenye fremu mpya

Hii ndiyo sehemu ndefu ya kazi, na hapa ndipo ubora wake unapopatikana. Weka kiti juu ya meza safi. Ondoa plastiki za ubavuni, mikono na swichi, kisha ufungue kava kuanzia chini, ambako limeshikwa kwa kulabu ndefu za plastiki zinazong'ang'ania ukingo wa fremu. Ndani zaidi utakuta pete ndogo za waya zinazovuta kava lishike mabonde ya sponji. Zikate kwa koleo, usizivute, kwa maana sponji huchanika kabla pete haijafunguka. Nunua pete mpya na koleo lake. Vifungo vya plastiki vya kawaida huacha vinundu vinavyosikika mgongoni baada ya mwendo mrefu. Kama kuna kipasha joto, usikikunje, maana nyuzi zake zikivunjika mahali pamoja kinaacha kufanya kazi.

Mfuko wa hewa wa ubavuni hufungwa kwa nati chache kwenye upande wa egemeo. Ubebe uso wake ukitazama mbali nawe, uuweke mezani uso ukiwa juu, mbali na joto na mbali na kingo ambako unaweza kuanguka. Mfuko ulioanguka usirudishwe garini. Unapourudisha katika fremu mpya, angalia jinsi kitambaa cha ndani kilivyouzunguka: katika viti vingi kitambaa hicho huelekeza mlipuko kwenye mshono maalumu wa kava ulioshonwa ili upasuke. Kitambaa kikijipinda, au kava likashonwa upya na fundi asiyeujua mshono huo, mfuko utachelewa au utatokea pasipotakiwa.

Nyaya zirudi katika njia zake za mwanzo na klipu zake zilezile. Kabla ya kufunga kava, laza na usimamishe egemeo hadi mwisho wa kila upande huku ukitazama kama kuna waya unaobanwa kwenye mtambo wa kulazia. Waya unaokwaruzwa leo utawasha taa ya mfuko wa hewa miezi kadhaa baadaye, na kuutafuta kutakuwa kazi ngumu. Kifungio cha mkanda kifungwe kwa bolti mpya na kukazwa kwa spana ya kupimia nguvu.

Kisha zitazame reli mbili kwa pamoja. Ni lazima zote ziwe zimeshika jino moja, ya kushoto sawa na ya kulia. Zikipishana kwa jino moja tu, kiti kitakaa upogo, matundu hayatalingana na sakafu, na upande mmoja unaweza usijifunge kabisa.

Kurudisha kiti

Safisha kutu na gundi ya zamani kwenye matundu ya sakafu. Ingiza kiti, unganisha plagi zote hadi usikie zikilia na kifungo cha pili kikiingia, kisha anza kila bolti kwa mkono hadi iingie mizunguko kadhaa. Bolti inayokataa mkono isilazimishwe kwa spana. Zote nne zikiwa zimelegea, sogeza kiti mbele na nyuma ili reli zijipange zenyewe; kiti cha umeme kitahitaji betri kwa hatua hii, kwa hiyo iunganishe tu baada ya kuhakikisha hakuna plagi iliyobaki wazi na hakuna mtu ndani, na uwashe swichi ukiwa umesimama nje. Maliza kwa kukaza kwa mfuatano na nguvu iliyo katika mwongozo. Katika magari mengi nguvu hiyo huwa karibu na Nm (nyutoni-mita) 40 hadi 50, lakini namba ya gari lako ndiyo inayotawala.

Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi huwaka kwa sekunde chache kisha huzimika. Ikibaki inawaka, mfumo mzima unaweza kuwa umejizima, na gari lisiendeshwe hadi hitilafu isomwe kwa mashine inayofika kwenye kompyuta ya mifuko ya hewa. Usiifute hitilafu kabla hujajua chanzo chake, ambacho mara nyingi ni plagi ya njano isiyofika mwisho. Taa ikizimika, vuta mkanda, ufunge na kuufungua mara kadhaa, tikisa egemeo kama ulivyofanya mwanzo, kisha jaribu gari kwenye eneo tupu, ukiondoka kwa nguvu na kufunga breki kwa nguvu huku ukisikiliza chini yako.

Fremu ya zamani ikate vipande viwili kwa msumeno wa chuma kabla ya kuipeleka kwenye chuma chakavu, ili asije mtu akaipiga rangi na kuifunga katika gari jingine.