Msosi na maji ya kubeba ukienda kuvua samaki siku nzima

Watu wakijiandaa kwenda kuvua wanahangaika na ndoano, chambo, mshipi, wanaangalia upepo na mawingu, alafu chakula kinakuja kufikiriwa asubuhi ile ile mtu yuko mlangoni, ananyakua biskuti na soda mbili bas anaondoka. Ikifika saa saba mchana kichwa kinagonga, mikono imelegea, hasira za bure, na pengine ndo saa samaki wameanza kula vizuri. Msosi ni sehemu ya vifaa vya uvuvi kabisa, na kipimo changu ni kimoja: kitu chochote unachobeba kiwe kinaliwa kwa mkono mmoja, bila kijiko, bila kupasha, na usilazimike kukigusa kwa vidole maana vidole vyako siku hiyo ni vya chambo.

Tuanze na maji, hapa usibane kabisa. Kwa mtu mzima anayekaa nje kutwa beba lita 3 mpaka 4, na kama jua ni kali au unapiga kasia au unatembea sana ukingoni ongeza, manake mwili ukifanya kazi kwenye joto kali unaweza kuhitaji nusu lita mpaka lita nzima kwa saa moja. Usisubiri kiu, kunywa kidogo kidogo kila baada ya muda, na ukienda kukojoa angalia rangi, ikiwa njano nzito ujue umechelewa. Upepo wa majini unadanganya sana, unakausha jasho haraka mtu anadhani hatoki jasho kumbe anatoka vizuri tu.

Nusu ya chupa zako zigandishe kwenye friza usiku, ila usizijaze mpaka juu, acha nafasi kama vidole vitatu maana maji yakiganda yanatanuka na chupa inapasuka. Chupa hizo zinafanya kazi mbili, asubuhi ni barafu ya kupozea chakula, mchana zikiyeyuka unakunywa. Na maji ya pale unapovulia usiyanywe hata yakionekana meupe safi, ya mtoni na ziwani yanaweza kuwa na vijidudu usivyoviona, ya bahari ndo kabisa, yana chumvi kama gramu 35 kwa lita na figo zinatumia maji mengi kuitoa kuliko uliyokunywa, kwa hiyo unazidi kukauka.

Soda usiitegemee, kopo la mililita 330 mara nyingi lina sukari kama gramu 35, utachangamka kidogo alafu unashuka. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo hivo hivo na kafeini juu yake. Chai au kahawa kwenye chupa ya chai asubuhi ya baridi haina ubaya wowote, ila isichukue nafasi ya maji. Pombe iache mpaka urudi nyumbani, haswa kama upo kwenye boti, inapoteza balansi na maamuzi na maji ndo hapo chini yako.

Ukitoka jasho jingi unapoteza na chumvi pia, kwa hiyo beba kitu chenye chumvi kidogo kama karanga, na pakiti moja mbili za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ya kunywa) kwenye begi kwa ajili ya yule atakayezidiwa na jua au kuharisha. Pakiti zikikosekana unatengeneza mwenyewe, lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko visawazishwe visiwe na mlima, na kwenye chumvi usizidishe kabisa. Mwenye presha au ugonjwa wa figo afuate alichoambiwa na daktari wake.

Sasa chakula chenyewe. Unataka kitu cha kushibisha kwa muda mrefu sio cha kujaza tumbo dakika kumi, yaani protini kidogo, wanga usiokobolewa, matunda na mboga mbichi. Sandwichi ya mkate wa ngano nzima na siagi ya karanga ndo naipa namba moja, haihitaji barafu, haimwagiki, inashibisha, ukitaka utamu weka vipande vya ndizi ndani. Ya kuku nayo ni nzuri sana lakini kuku awe mkavu, hana mfupa, na akae kwenye barafu muda wote. Nyanya na matango usiyaweke ndani ya mkate asubuhi, mpaka mchana mkate umeshalowa, yabebe pembeni. Alafu kitu muhimu, kata sandwichi vipande vinne na kila kipande kifunge peke yake kwenye karatasi ya foili, ukitaka kula unafunua upande mmoja unashika kwa foili unang'ata, vidole havijagusa mkate kabisa. Hiki kijitendo kidogo kinakuokoa na mengi.

Mayai ya kuchemsha mazuri mno kwa uvuvi, ila watu wanadhani ganda linayalinda, wanayaweka tu kwenye begi juani. Yai likishachemshwa ule utando wa nje unaoziba vitundu vya ganda umeondoka, kwa hiyo linatakiwa baridi kama chakula kingine. Mi naona bora yamenywe nyumbani kwa mikono safi, yawekwe kwenye kontena lenye kifuniko, yakae kwenye barafu, kuliko kumenya pale umetoka kushika minyoo.

Matunda chagua yale magumu au yenye ganda lake. Tufaha zinavumilia kila kitu. Machungwa yamenye na uyachambue nyumbani. Ndizi ganda lake ndo kishikio, ila ziweke juu kabisa zisibondeke. Tango na tikitimaji karibu yote ni maji, zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo unakula na unakunywa humo humo, lakini tikiti likishakatwa lazima liwe kwenye baridi. Karanga, korosho, tende na zabibu kavu changanya kwenye kikopo chenye mdomo mpana, unamimina mdomoni huingizi mkono, na hizo hata zikikaa juani kutwa hazina shida.

Vya kuacha nyumbani: chokoleti maana itayeyuka, vitu vya kukaanga vyenye mafuta mengi maana kwenye boti inayoyumba vinaleta kichefuchefu, na wali uliobaki jana. Wali watu hawauogopi lakini kuna bakteria ambao mbegu zake haziuawi na kupika, wali ukikaa vuguvugu zinaamka zinatoa sumu, na sumu hiyo hata ukipasha haiondoki.

Kwa ujumla chakula kinachoharibika kiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi mpaka unakitoa kula, kati ya 5 na 60 bakteria wanazaliana kwa kasi. Kikishakaa nje ya baridi saa mbili kitupe, na joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu.

Boksi la barafu lina namna yake ya kupangwa. Vitu vyote viingie vikiwa vimeshapoa kutoka kwenye friji, ukiweka vya moto unamaliza barafu kabla hujafika. Kipande kimoja kikubwa cha barafu kinadumu kuliko vidogo vidogo vingi, na boksi lililojaa linatunza baridi kuliko lenye nafasi tupu, kwa hiyo ziba mapengo kwa chupa ulizogandisha. Utakachokula mwisho kiwe chini, cha kwanza juu. Maji ya kunywa ambayo hukuyagandisha yakae kwenye begi lingine maana hayo yanatolewa kila saa na ukifungua fungua boksi baridi yote inatoka. Liweke kivulini, hakuna kivuli lifunike kwa taulo nene.

Na jamani, boksi la chakula liwe la chakula tu. Chambo na samaki wana boksi lao, usichanganye hata kama wamefungwa kwenye mfuko, maji ya barafu yanapita. Samaki nao wapozwe mara tu wakitoka majini, haswa jodari na vibua, nyama yao ikikaa kwenye joto inatengeneza sumu inayoitwa histamini na hiyo kupika hakuitoi.

Mikono sasa. Umeshika chambo, samaki, na chubwi za risasi, vile vizito vya kuzamishia mshipi. Madini ya risasi ni sumu, kwa hiyo usibane chubwi kwa meno kama wengi wanavyofanya, tumia koleo. Kabla ya kula nawa kwa sabuni na maji, beba chupa ya lita moja na nusu ya kunawia tu na kipande cha sabuni. Ile dawa ya kupaka mikononi ya kuua vijidudu (sanitaiza) haitoshi hapa, kwenye mkono wenye utelezi wa samaki haifanyi kazi vizuri na risasi haiitoi kabisa. Kunawa huku kunatoa pia dawa ya mbu na mafuta ya jua uliyojipaka, navyo sio vya kula.

Kuhusu muda, kula kifungua kinywa cha maana kabla hujatoka, mkate na yai hivi, alafu kula kidogo kila baada ya saa mbili au tatu hata kama samaki wanakula chambo vizuri, usingoje njaa ikuume. Watoto wape mapema zaidi na uwakumbushe maji kila mara, wao wakishanogewa hawasemi kiu. Mwenye kisukari awe na kitu cha sukari mfukoni mwake, sio ndani ya begi upande wa pili wa boti. Anayesumbuliwa na mawimbi asipande na tumbo tupu wala tumbo lililojaa, ale mkate mkavu au biskuti zisizo na mafuta, na tangawizi inawasaidia baadhi ya watu.

Weka akiba ambayo haiguswi, lita moja ya maji kwa kila mtu na pakiti ya karanga, kwa ajili ya siku injini ikigoma au njia ikafungwa mkachelewa kurudi.

Foili na mifuko mitupu ingiza kwenye mfuko mmoja ufungwe, upepo ukiichukua inaishia majini. Ukifika nyumbani chakula ambacho barafu yake iliisha zamani usikionee huruma kitupe, boksi lioshe kwa sabuni siku hiyo hiyo na uliache wazi likauke mpaka ndani kabla hujalifunga.