Kupiga kambi Mang'ula, chini ya Udzungwa

Wapwa zangu hapa Lindi wakitaka kuona milima nawapeleka Mang'ula, lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Hifadhi ilianzishwa 1992 na ndani hakuna barabara za magari. Kila kitu unakiona kwa miguu yako, na hilo ndilo linalonivuta. Pandeni basi la Dar, laleni hapo, kesho yake mchukue gari la Ifakara linalopita Morogoro na Mikumi. Kitambulisho cha NIDA kisisahaulike, na pesa ya kiingilio iwe kwenye simu.

Sasa mvua. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, ukigonga ubavu wa mashariki wa mlima hupanda, hupoa na kumwaga maji. Kwa hiyo hata Agosti, kwetu vumbi tupu, msiende na kanga na ndala peke yake. Chukueni sweta na viatu vyenye meno. Turubai la juu lisigusane na kitambaa cha hema, maana yakigusana maji hupenya. La chini likunjeni kingo zake ziishie chini ya hema. Zikitokeza nje zitakinga mvua na kuipeleka mlipolala. Simikeni hema palipoinuka, mbali na kijito, na kabla ya kupiga kigingi cha kwanza kagueni kama siafu wanapita.

Mchele nunueni huko huko, wa Kilombero ni mtamu. Korosho bebeni kutoka nyumbani, zinashibisha njiani. Ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, acheni kabisa: harufu yake itawaletea nyani. Pikieni mtungi mdogo wa gesi. Tangu 2011 hata wanakijiji wamekatazwa kuokota kuni hifadhini, sembuse mgeni.

Maporomoko ya Sanje, mita 170, yaendeeni asubuhi mapema pamoja na mwongozaji. Mwambieni aende polepole, kwa sababu msitu ule una kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walimtambua 1979 tu na haishi popote nje ya milima hii. Watoto wakipiga kelele hamtamwona.

Siku ya kuondoka anikeni hema mpaka likauke. Likikunjwa bichi, kwa joto la Lindi litaota ukungu.