Mantoux imesoma ziro? Kabla hujaandika "aneji" kwenye faili fuata hivi

Hii ni kwa maintani na manesi wenzangu hapa Dar mnaonipigia simu kila mkikuta mkono wa mgonjwa haujavimba baada ya Mantoux, kile kipimo cha TB cha kuchoma ngozi. Aneji ni pale kinga inapokaa kimya mbele ya kitu inachokijua na ilitakiwa iitikie. Mtu ambaye hajawahi kuambukizwa TB mkono wake nao hauvimbi, ila huyo hana aneji, kinga yake haina cha kukumbuka tu, na hapo ndo wengi mnachanganya.

(Mnaosoma imyunolojia, kule mnaongelea seli T (askari wa kinga) moja moja. Ni kama kutuma hela kwa simu, namba umeweka ila namba ya siri hujaweka. Seli ikimwona mvamizi bila ishara ya pili, inayopitia kipokezi chake cha CD28, inazimika, na hata baadaye ukiipa zote mbili haishtuki. Wodini tunaongelea mwili wote wa mgonjwa.)

Hatua ya 1: kilichomwaje? Tuberkulini (protini za vijidudu vya TB) 0.1 ml, ndani ya ngozi juujuu, na kipele cheupe cha mm 6 hadi 10 kitokee hapohapo, kisipotokea umezama sana, rudia sehemu nyingine. Kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72, kwa hiyo Alhamisi msichome jamani, mtu atoke Chanika Jumapili akute mlango umefungwa?

Hatua ya 2: papasa. Wekundu hauhesabiki, tunapima uvimbe mgumu, weka alama ya peni kila upande halafu rula ikatize mkono. Mwenye VVU mm 5 ni chanya, wengi wengine huku kwetu 10.

Hatua ya 3, na hapa usiharakishe. Mkono ukiwa kimya uliza kinachozima kinga: VVU na CD4 (hesabu ya seli za kinga) iko chini, utapiamlo mkali, prednisolone za muda mrefu (wapo wanaojinunulia duka la dawa kwa ajili ya pumu, uliza taratibu watasema), surua au hata chanjo yake ya wiki chache zilizopita. Hiyo ya surua daktari von Pirquet wa Austria aliiandika tangu 1908, watoto waliokuwa wanaitikia tuberkulini wakiugua surua wanaacha kwa muda. Halafu kuna TB yenyewe ikishasambaa mwili mzima, yani anayeumwa kuliko wote wodini ndo anaweza kusoma ziro.

Hatua ya 4: usihangaike kuthibitisha aneji. Zamani walichoma protini za matumbwitumbwi au za fangasi wa kandida pembeni waone kama mwili unaitikia chochote, CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ikaacha kuipendekeza kama kawaida kwa wenye VVU mwaka 1997 kwa sababu majibu hayaaminiki. Mgonjwa ana dalili? Makohozi yaende GeneXpert (mashine inayotafuta vinasaba vya TB), eksirei ya kifua, na mwenye VVU aliyezidiwa mpime LAM (mabaki ya vijidudu vya TB) kwenye mkojo.

Hatua ya 5: andika ulichokiona, mfano "Mantoux mm 0, saa 60, CD4 82, aneji inawezekana, TB haijaondolewa". Neno hasi peke yake usiliache, anayeingia shifti ya usiku atalichukua kama lilivyo. Na mgonjwa usimwambie hana TB, mwambie "mama, hiki kipimo cha mkono hakijatupa jibu, chukua hiki kikopo, kesho asubuhi ukiamka tu, kohoa humo utuletee".