Jozani na Uwanda Wake: Jinsi ya Kuitembea Hifadhi kwa Siku Moja

Wengi wanaoshuka garini Jozani, Unguja, huishia kwa kima wa karibu na geti. Picha mbili tatu, nusu saa, kisha safari ya Paje. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004 ikiwa na kilomita za mraba 50, imekusanya ardhi za aina tatu zinazopakana: msitu wa bondeni wenye maji, uwanda wa mawe, na mikoko. Ukijua kuzitofautisha kwa kutazama chini unapokanyaga, utaweza kukisia mti gani uko mbele na mnyama gani anaishi hapo. Mwongozo huu ni kwa familia, kwa walimu wanaopeleka wanafunzi, na kwa kila mwenye siku nzima ya kutembea.

Chagua siku kwa mwezi

Mikoko huonekana vizuri maji yakiwa yamekupwa, kwa hivyo tazama mwezi mwandamo kabla ya kutazama kitu chengine. Siku za bamvu, yaani mwezi mosi na mwezi kumi na tano pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji huwa yamekupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi na kujaa kabisa kwenye saa kumi alasiri, kila siku yakichelewa kiasi cha dakika 50. Siku za maji mafu, kwenye mwezi nane na mwezi ishirini na mbili hivi, mambo hugeuka: asubuhi maji yamejaa, alasiri yanakupwa, tena hayaendi mbali. Huko kwenye vijito vya ndani maji huchelewa kidogo kuliko pwani ya wazi.

Basi panga hivi. Siku ya bamvu: kima saa moja na nusu asubuhi, mikoko saa nne, msituni mchana penye kivuli, uwanda kuanzia saa tisa na nusu. Siku ya maji mafu: kima kwanza, kisha uwanda kabla jua halijapanda, msitu mchana, mikoko alasiri. Kosa la kawaida ni kuuacha uwanda kwa saa sita. Jiwe lile hurudisha joto kutoka chini, kivuli hakuna, na watoto huchoka kabla hawajaona chochote.

Kwa msimu, Januari na Februari na miezi ya kipupwe, Juni hadi Septemba, njia huwa kavu. Masika, Machi hadi Mei, sehemu za msitu hufurika na maji yanaweza kukufika magotini. Hata hivyo, anayetaka kuuelewa msitu huu hasa, aje mara moja mwishoni mwa masika akiwa na viatu vya mpira virefu.

Kufika na kujiandaa

Ni kiasi cha kilomita 35 kutoka Mjini, yaani Mji wa Zanzibar. Gari za Makunduchi, Jambiani, Bwejuu na Kizimkazi zote hupita mbele ya geti, mwambie konda mapema kwamba unashukia Jozani. Chukua kitambulisho, kwani ada ya mwenyeji ni tofauti na ya mgeni. Mwongozaji wa hifadhi ni lazima kwa njia za ndani. Kwa wanafunzi, watoto kumi kwa mwongozaji mmoja wanatosha, wakizidi hapo wa nyuma hawasikii na kelele hukimbiza wanyama.

Kila mtu abebe lita moja na nusu ya maji, na mbili kama utakwenda uwandani. Vaa viatu vya kufunika mguu vyenye soli ngumu. Ndara hazifai hata kidogo, kwa sababu ncha za jiwe la matumbawe hupenya soli laini. Suruali ndefu hukinga miiba, upupu na majimoto, wale chungu wanaouma. Mwenye baibui avae suruali ndani na alikunje baibui lisinase njiani. Chakula kiacheni kwenye mkoba uliofungwa, mle mkitoka.

Kima wawili, usiwachanganye

Kima punju ana mgongo mwekundu, mabega na mikono myeusi, tumbo jeupe na nywele nyeupe zilizosimama juu ya paji. Mkononi hana kidole gumba cha kufaa, hukamata tawi kwa vidole vinne kama ndoana. Kima wa pili, ambaye wengi humwita kima mweusi, ana rangi ya kijivu cha giza na koo jeupe, na mashavu yake hujaa chakula anachokwenda kukitafuna baadaye. Kima punju hana mifuko hiyo ya mashavu.

Tofauti kubwa iko tumboni. Tumbo la kima punju limegawika vyumba, na majani huchachuliwa humo na vijidudu kabla ya kusagwa zaidi. Kwa hivyo chakula chake ni majani machanga, maua na matunda mabichi. Ndizi mbivu au embe lililoiva humletea sukari nyingi ambayo huvuruga uchachu huo na kumuumiza. Anayempa tunda akidhani anamfanyia wema, anamdhuru.

Ukibahatika utamwona akila mkaa. Si uchafu wala njaa. Kandokando ya mashamba anakula majani ya mkungu na mwembe, ambayo yana lishe nzuri lakini pia yana kemikali zinazozuia umeng'enyaji. Mkaa hunasa kemikali hizo. Ndiyo maana utamkuta kwenye visiki vilivyoungua na penye matanuri ya zamani ya mkaa.

Wakulima kwa miaka mingi wamemlaumu kwa nazi changa anazozichuma. Utafiti uliofanywa hapa hapa Jozani na kuchapishwa mwaka 1999 ulionesha kwamba pale alipokula vidaka, mavuno ya mwisho ya nazi hayakupungua. Mnazi huangusha vidaka vingi wenyewe, na vinavyobaki hupata nafasi ya kukua. Mwalimu akiwa na wanafunzi wa vijijini, hili ndilo jambo la kuzungumza nao kwa kirefu, maana wengi wamekua wakisikia kinyume chake.

Simama mbali naye mita tatu kwa uchache, tano ni bora. Usimguse hata akikukaribia mwenyewe. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyuma, kwani maradhi ya kifua huhama kutoka kwetu kwenda kwake. Mnyama huyu hapatikani kiasili popote duniani ila Unguja na visiwa vidogo vya jirani. Wachache walipelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilipata zaidi ya 5,800 kisiwani, wengi kuliko ilivyodhaniwa kabla, lakini bado yumo katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Msitu wa bondeni

Ukiingia msituni, tazama udongo kwanza. Ni mweusi, mzito, una unyevu hata wakati wa jua kali. Jozani imekaa kwenye bonde ambalo chini yake maji yako karibu sana na uso wa ardhi. Mvua ikinyesha maji hayana pa kwenda haraka, ndipo msitu unapofurika. Mtondoo hustahimili hali hii, na mchikichi pia. Angalia mashina yaliyolala na kuchipua tena juu: mizizi haiendi chini sana penye maji mengi, kwa hivyo upepo mkali huangusha mti mkubwa kwa urahisi, na uwazi unaobaki huvamiwa na miche inayotafuta mwanga.

Tembea polepole na mnyamaze kwa dakika tano tano. Komba na pelele (pimbi wa mitini) ni wa usiku, mchana utaona mashimo yao ya miti tu. Chui wa Unguja usimtarajie. Baada ya Mapinduzi ya 1964 aliandamwa kwa kampeni maalumu, kwa imani kwamba watu wabaya walimfuga na kumtuma, na tangu hapo hakuna aliyethibitisha bila ya ubishi kwamba bado yuko.

Uwanda

Hapa ndipo wageni wengi hawafiki, na kwa maoni yetu ndipo penye elimu kubwa zaidi. Vuka ukingo wa msitu na udongo unakatika ghafla. Unakanyaga jiwe la kijivu lenye matundu na ncha, ambalo zamani lilikuwa mwamba wa matumbawe chini ya bahari. Chukua jiwe dogo lililovunjika ulitazame ndani: mara nyingi utaona alama za matumbawe au za makome. Udongo mwekundu, kinongo, umo mashimoni tu, wakati mwengine kina cha shubiri moja. Maji ya mvua hupotea nyufani mara moja, kwa hivyo miti ni mifupi na majani yake ni magumu.

Kulima hapa kuna utaratibu wake. Mkulima hufyeka kichaka, huchoma, hupanda mtama, muhogo au mboga katika mifuko ya udongo kwa misimu michache, kisha huliacha shamba lirudi kichaka na kupata rutuba upya. Mahali pengi utakuta kuta za mawe yaliyopangwa bila ya chokaa kuzuia nguruwe mwitu. Anayetaka kujua shamba limepumzika muda gani, atazame unene wa vigogo. Fito za ukubwa wa kidole ni ishara ya shamba lililoachwa karibuni. Tatizo huanza pale kuni, mkaa na matanuri ya chokaa vinapohitaji kichaka kabla hakijakomaa. Kinongo hubaki wazi, mvua hukiingiza nyufani, na jiwe tupu halirudi kuwa shamba kwa umri wa mtu mmoja.

Kichaka kirefu kisichoguswa ndicho maficho ya paa nunga, paa mdogo mwekundu mwenye utepe mweupe mapajani na nyuma, ambaye amebaki sehemu chache sana za Afrika Mashariki. Kumwona ni nadra. Njia bora ni kutulia chini ya mti wanaokula kima asubuhi, kwani paa hufuata chakula ambacho kima wanakiangusha. Kwato ndogo kwenye kinongo chenye unyevu zitakuonesha kwamba wapo paa, ingawa si rahisi kujua ni wa aina gani kwa nyayo pekee.

Usitoke njiani. Mashimo ya uwandani hufunikwa na majani, na mguu ukizama kwenye ufa huvunjika. Nje ya mpaka wa hifadhi uwanda una wenyewe: anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, na mapango ya mizimu usiyaingie bila ya idhini.

Mikoko ya Pete

Njia ya mbao iko Pete, mwendo mfupi kutoka geti. Jua la mchana si kikwazo hapa, lakini mbu ni wengi karibu na magharibi. Jifunze miti kwa mizizi yake. Mkoko husimama juu ya miguu iliyopinda kama matao. Mchu umezungukwa na vijiti vyembamba vilivyosimama kutoka topeni, ambavyo ndivyo pumzi zake, kwani tope halina hewa. Msinzi una mizizi iliyojikunja mithili ya magoti. Kila mmoja unatatua tatizo moja kwa njia yake, na kila mmoja una matumizi: nguzo za mkoko ndizo boriti za nyumba za Mji Mkongwe, na maganda ya mkandaa, mti mwengine wa mikoko, yalitumika kutia ngozi rangi.

Kaa watazame kwa kusimama bila ya kutikisika kwa dakika mbili, watatoka wenyewe. Usishuke kwenye tope: unakanyaga pumzi za mchu na kuvunja miche. Upande wa Chwaka wa hifadhi una mikoko mingi kuliko mahali pengine popote Unguja, na samaki wengi wa ghuba hukulia humo wakiwa wadogo.

Ukirudi kwa gari yako mwenyewe, punguza mwendo kabla ya matuta ya Jozani, si juu yake. Yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa mara kwa mara, na vifo vilipungua baada ya hapo. Kima huvuka mmoja mmoja, hivyo ukimwona mmoja amepita, subiri, nyuma yake wapo wengine. Ukimkuta aliyegongwa, usimbebe, toa taarifa getini. Anayetegemea gari za abiria awe barabarani kabla ya saa kumi na moja, kwani jioni nyingi huwa zimejaa tangu Makunduchi.