SOMO: Kupima moshi wa dizeli, kifaa kisikudanganye

Wakuu, kila mtu siku hizi ana kifaa cha kupimia hewa Ubungo au Kariakoo, lakini wachache wanajua kinapima nini. Chembe nyingi za moshi wa dizeli ni ndogo kuliko mikromita 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), na kwa idadi nyingi hazifiki hata 0.1. Hapo ndipo vifaa vinapoachana. Njia ya somo hili ni hii: pampu huvuta hewa kupitia filta, filta hunasa chembe, kisha maabara hupima kilichonaswa.

Hatua ya 1: Mlango wa hewa. Barabara zetu zina mchanga, vumbi la breki na chumvi ya bahari. Filta ikikaa wazi, uzito utakaoupata ni wa mchanga. Tanguliza saikloni, yaani kikopo kinachozungusha hewa ili chembe kubwa zibaki humo. Ile ndogo ya nailoni ya milimita 10, ikivuta lita 1.7 kwa dakika, huzuia chembe zinazozidi mikromita 4 hivi. Migodini huongezwa impakta, kisahani kinachonasa chembe zinazojigonga juu yake na kupitisha zile za chini ya mikromita 1 tu, vumbi la mwamba lisiingie.

Hatua ya 2: Pampu. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Pima mtiririko kabla na baada ya kazi, saikloni na filta vikiwa vimeungwa. Saa 8 kwa lita 1.7 ni lita 816. Pampu ikishuka hadi 1.5 umevuta 720 tu, na ukigawa uzito wa masizi kwa 816 unapunguza ukweli. Tena saikloni ikivutwa polepole hupitisha chembe kubwa zaidi, kwa hiyo hesabu peke yake haikuokoi.

Hatua ya 3: Mrija. Plastiki ya kawaida ina umeme tuli unaonasa chembe njiani. Weka filta mbele, mrija ufuate nyuma yake kuelekea kwenye pampu.

Hatua ya 4: Filta. Iwe ya nyuzi za kwatzi (madini yanayostahimili moto) iliyochomwa kwanza. Maabara huipasha moto mkali ili kupima kaboni ya masizi. Ya plastiki haivumilii. Beba na nyingine tupu ya kulinganishia.

MASWALI

*Mdau wa Tabata:* Sensa yangu ya leza, ile inayomulika chembe, alfajiri namba zake zinapaa sana. Ni daladala?

Daladala zimo, ila unyevu nao umo. Chembe hunywa maji, zinavimba, leza inaziona kubwa. Halafu zilizo chini ya mikromita 0.3 karibu zote zinaipita, na huko ndiko dizeli iliko.

*Fundi wa Gerezani:* Mkuu, kwa sisi wa gereji kifaa kinakaa wapi?

Kwenye kola, ndani ya sentimita 30 kutoka puani. Ukikining'iniza ukutani unapima hewa ya ukuta, wakati wewe umeinamia ekzosi.

*Dada wa Mbagala:* Masizi yakipatikana, ni ya dizeli moja kwa moja?

Hapana, dada. Mkaa na takataka zinazochomwa hutoa masizi pia. Weka pampu ya pili upande upepo unakotokea, mbali na barabara, siku ileile na kwa saa zilezile, kisha utoe tofauti.