Duka lako lipo Mchangani, mteja yupo Wete: namna ya kuuza mtandaoni usimpoteze

Skuizi mtu wa Wete, Pemba, akitaka baibui la Idi si lazima apande boti aje Unguja. Anafungua simu, anaingia Instagram, anaona duka la Kariakoo, la Dubai na la hapa hapa Mchangani, mjini Unguja, kwa pamoja, na atakaemjibu mwanzo akamtajia bei ndo anaepata pesa. Zamani ulikuwa unashindana na duka la jirani tu, sasa unashindana na yule yule alokuwa anakuuzia wewe mzigo wa jumla, maana na yeye anauza moja moja kwa simu, anapakia kwenye boti Dar na baada ya kama saa mbili hivi mzigo ushafika bandari ya Malindi, Unguja. Lakini njia hiyo hiyo na wewe inakufikisha mbali, Pemba peke yake sensa ya 2022 imehesabu watu zaidi ya laki tano na wengi wao dukani kwako hawajawahi kukanyaga.

Sasa tuanze. Usikimbilie kutengenezewa tovuti ya mamilioni. Jumia, kampuni kubwa ya mauzo ya mtandaoni Afrika, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019 na watu hawakuacha kununua kwa simu, waliendelea na Instagram na WhatsApp. Basi anzia huko. Chukua laini mbali ya biashara, weka WhatsApp Business, ni ya bure, ina katalogi unapanga bidhaa na picha na bei, na unaweza kuandika majibu ya yale maswali yanayokuja kila siku (mpo wapi, mnatuma Pemba, mnafunga saa ngapi) ukayatuma kwa kubonyeza tu.

Na bei iandike, nakuomba sana. Hii tabia ya kupost dera zuri halafu chini "bei njoo inbox" inaua biashara. Mteja anahisi utampangia bei kwa kumuangalia sura, na pengine ana maduka mengine matano mbele yake, kwa nini akusubiri wewe? Unaogopa jirani ataiona bei yako? Atatuma mtoto dukani kuuliza, ataijua tu.

Picha napo pana kazi. Chukua mfano wa kofia ya viua, ile ya kudarizi vitundu vitundu, maana hii ni mali yetu na Kariakoo hawakuwezi hapo. Ipige picha mlangoni asubuhi, sio usiku chini ya taa ya njano, nyeupe itaonekana kama imechakaa. Piga ya mbele, piga ya juu, halafu IGEUZE upige ndani, kwa sababu anaezijua kofia anaangalia ndani kwanza aone sindano ya mkono au mashine. Kama ya mashine sema ya mashine, ina wateja wake na bei yake, usimuuzie mtu kwa bei ya mkono. Saizi andika kwa inchi, na mfundishe namna ya kujipima: apitishe tepu kwenye paji la uso juu kidogo ya masikio, azungushe mpaka nyuma, asome. Ishirini na mbili na nusu ni nyingine na ishirini na tatu ni nyingine, kofia ikiwa kubwa inamuangukia machoni akirukuu, atairudisha na ana haki.

Malipo: chukua lipa namba kwa jina la biashara, mteja akiingiza namba jina linatokea kabla hajaweka namba ya siri, hapo anapata imani. Wewe kwa upande wako usitoe mzigo kwa sababu umetumiwa picha ya meseji ya malipo, meseji zinatungwa. Angalia salio lako mwenyewe ndo ufunge mzigo. Mteja wa mjini unaweza kumpelekea kwa bodaboda akalipa mkononi, ila wa Pemba chukua japo nusu kabla, na mwambie mapema, usimshtukize mwisho.

Usafiri ndo penye shughuli yenyewe, hapa wengi wanaanguka. Mzigo funga kwa nailoni kwanza ndo uweke kwenye boksi, maji ya bahari na mvua hayaulizi. Andika jina la mpokeaji, namba yake ya simu na namba yako pande mbili za boksi kwa makapeni, peleka bandarini mwenyewe au mtu unaemuamini, chukua risiti, ipige picha umtumie mteja pale pale pamoja na jina la boti na siku ya kufika. Muulize anapokea bandari ya Mkoani mwenyewe au kuna mtu wa gari atamchukulia mpaka Chake au Wete, na nauli hiyo nani anailipa. Kipindi cha kusi bahari inachafuka na safari zinaweza kuahirishwa, kwa hiyo usimuahidi mtu "kesho asubuhi unayo" kama huna uhakika. Mzigo mkubwa wa kwenda bara, ulizia forodha kwanza kabla hujataja bei.

Kubadilisha nguo iweke wazi kwenye katalogi: siku ngapi, nani analipa nauli ya kurudisha. Na kama biashara inakua kajisajili BPRA (wakala wa usajili wa biashara Zanzibar) na uende ZRA (mamlaka ya mapato Zanzibar), usingoje kufuatwa, maduka makubwa na mahoteli yanayotaka kununua kwako yatakuomba risiti halali.

Kitu kikiuzwa kitoe kwenye katalogi siku hiyo hiyo. Na Ramadhani likiingia kumi la mwisho boti zinajaa watu na mizigo, tangaza mapema siku ya mwisho ya kupokea oda za Pemba na ikifika funga, hata mteja akubembeleze vipi, maana baibui likimfikia Idi pili ushampoteza yeye na mashoga zake wote.