Mbwa wa Kuokolewa Huchoshwa kwa Pua

Mbwa aliyeokolewa mitaani, ambaye alizoea kuzurura usiku kucha akichakura majalala ya Kampala, hatulizwi kwa kufungwa mnyororo bali kwa kupewa kazi ya kunusa. Mtoe alfajiri, kabla bodaboda hazijajaa barabarani, umwache anuse kila kichaka apendacho bila kumharakisha. Mkirudi, tawanya dagaa wachache wakavu wa Ziwa Viktoria kwenye nyasi za uani, awatafute mwenyewe, mkia ukicheza na pua ikipuliza vumbi, burudani ambayo kwangu inaishinda televisheni. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka. Kamba nayo iwe imara, kwani akimwona kuku wa jirani atasahau hata jina lake.